Ukiufumua, Nini Kinaanguka?

Insha ya darasa la nane na gauni la kitenge la harusi vina ugonjwa mmoja. Vyote viwili hupambwa kabla havijasimama. Mtoto anaambiwa aya ya kwanza isiyo na tashbihi haijaanza, na bibi harusi anaambiwa shingo isiyo na nakshi ni nguo ambayo fundi hajamaliza. Ukithubutu kuuliza lile pambo linafanya nini pale, unaangaliwa kama mtu aliyeuliza chumvi inatafuta nini kwenye mchuzi.

Mimi nauliza kwa sababu pambo ni chakula changu. Makala nyingi ninazoandika hulipwa kwa hesabu ya maneno, na kivumishi ni neno kama maneno mengine. Kwa hivyo niliposhikwa na hamu ya vyerehani mwaka huu, sikuwa nimetoroka kazi. Nilikuwa natafuta mahali ambapo swali la pambo linaweza kushikwa kwa mkono, likanyooshwa, likafumuliwa kwa wembe, tuone ndani kuna nini.

Tuanze na mashine yenyewe. Cherehani kile cheusi chenye maandishi ya dhahabu, ambacho karibu kila mtaa wa Kenya una fundi wake barazani, kinajua kitu kimoja tu: mstari ulionyooka. Uzi wa juu unashuka na sindano, unazungushwa kwenye uzi wa bobini chini, na hizo nyuzi mbili zinakabana katikati ya kitambaa. Elias Howe alipewa hataza ya mshono wa aina hiyo Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Tangu hapo mshono huo haujabadilika. Suruali uliyovaa ukisoma hapa, ugeuze upindo wake uangalie. Ni uleule.

Kilichobadilisha mambo ni sindano kujifunza kuyumba. Helen Blanchard, Mmarekani, alipata hataza ya mashine ya zigizaga mwaka 1873. Kazi ya kwanza ya zigizaga si urembo hata kidogo. Inazuia ukingo wa kitambaa kuchanika nyuzi, na inaacha nguo ivutike bila uzi kukatika. Lakini sindano ikishaweza kwenda kushoto na kulia, na meno yanayosukuma kitambaa yakiweza kwenda mbele na kurudi nyuma, basi umepata kalamu. Mwaka 1952 kampuni ya Elna ya Uswisi ilitoa cherehani cha nyumbani kilichotumia visahani vya kubadilisha: unachomeka kisahani, ukingo wake wenye mabonde na vilima unaiongoza sindano, na nguoni linatoka wimbi au kijani cha mti. Mwaka 1975 Singer wakaleta Athena 2000, visahani vikaanza kupisha umeme. Leo ukiingia duka la vyerehani katikati ya jiji utaonyeshwa mashine nyeupe yenye kioo kidogo, na muuzaji atakuambia kwa fahari, hata kabla hujauliza bei, "Hii iko na mishono mia mbili."

Mishono mia mbili. Ukiitazama vizuri, yote ni ugomvi wa mambo mawili tu: sindano inayumba upande, kitambaa kinasukumwa mbele au nyuma. Ndiyo maana fundi mzuri haivuti nguo anaposhona pambo. Akivuta hata kidogo, ua linapinda mgongo. Analegeza uzi wa juu kidogo ili uzi wa bobini usichungulie. Anaweka chini kitambaa kigumu cha kushikilia, kwa sababu zigizaga iliyobanana hukunja nguo laini kama karatasi ya chapati. Anabadilisha mguu wa cherehani, anaweka ule wenye mfereji chini ili kichuguu cha nyuzi kipite bila kukwama. Na kabla ya yote anajaribu kwenye kipande cha nguo ileile. Nasema haya kwa sababu tukilaumu pambo, tusiseme ni kazi rahisi. Pambo baya lilichukua muda pia.

Sasa, hebu soma ile orodha ya mishono mia mbili kama unavyosoma diwani. Ni kazi ya mhakiki, na sijaona mtu akiifanya.

Utakuta mshono wa unyoya, mshono wa blanketi, msalaba, mfupa wa samaki. Hiyo yote ni mishono ya mkono ya wanawake wa Ulaya, iliyoigwa na chuma. Utakuta mnyororo wa majani yanayotambaa kama ya kwenye ukuta wa kanisa la Uingereza. Utakuta kopa. Mashine nyingine zina bata. Utakuta ule urembo wa pembe mraba wa Wagiriki. Kisha kuna ile mishono ya matobo: unaweka sindano yenye mbawa mbili ubavuni, inasukuma nyuzi za kitambaa kando bila kuzikata, mshono unarudi palepale mara kadhaa, na linabaki tobo safi. Imeundwa kuiga kazi ya mkono ya mashuka na magauni ya ubatizo ya kizungu.

Hapo kwenye matobo ndipo nilipokwama. Kwa sababu sisi tuna matobo yetu. Kofia ya mkono ya Lamu ni nguo nyeupe ya tabaka mbili iliyojaa vitobo vidogo, kila kimoja kimetobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, hadi vitobo vyenyewe vinachora maua na nyota. Kofia moja huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Ndugu yake anavaliwa Oman, wanamwita kuma, na huhitaji kuwa profesa wa Bahari ya Hindi kuona kwamba hao wawili walinyonya titi moja. Katika ile mishono mia mbili, hakuna hata mmoja wao. Hakuna pia umbo la ushanga wa Kimaasai, ingawa mistari na pembetatu ndivyo vitu rahisi zaidi kwa sindano inayoyumba. Cherehani kinauzwa kama uhuru wa kuchagua, lakini mtu alishachagua kabla yako, na hakuwa anafikiria kichwa cha mtu wa Lamu.

Kuna jambo jingine dogo linalonisumbua zaidi. Mishono ile haina majina. Ina namba. Unabonyeza 47, unapata majani. Lakini kanzu kubwa za Wahausa wa Nigeria, zile ambazo Nairobi tunaziiga kila msimu wa harusi na kuziita za Kinaijeria, zina nakshi ya kifuani inayoitwa aska takwas, yaani visu vinane, na ukihesabu ncha zake utaviona. Kanga nayo ina maandishi, na hayo maandishi watu wa Pwani wanayaita jina. Kanga isiyo na jina inahesabiwa kuna kitu imepungukiwa. Pambo lenye jina linaweza kuitwa, kukumbukwa, kugombaniwa. Pambo lenye namba linabonyezwa.

Kufikia hapa ungedhani namfuata Adolf Loos. Huyu alikuwa msanifu majengo wa Vienna aliyetoa mhadhara mwaka 1910 akisema, kwa kifupi, kwamba pambo ni uhalifu: ni jasho, muda na mali vilivyotupwa, na kadiri watu wanavyostaarabika ndivyo vitu vyao vinavyobaki laini. Nilipewa kumsoma mwaka wangu wa pili chuoni, muda mfupi kabla sijaacha masomo, na darasa zima lilitikisa kichwa kwa heshima. Nenda kaangalie mikahawa mipya ya Nairobi na kurasa za mitindo: saruji tupu, kitani cha rangi ya uji, herufi nyembamba. Loos alishinda. Kijana wa jiji anayetaka kuonekana ana akili anavaa nguo isiyo na ua.

Lakini msome hadi mwisho. Loos anasema yeye anaweza kuvumilia pambo la Mwafrika, la Mwajemi, la mwanamke wa kijijini Slovakia, na la fundi wake wa viatu, kwa sababu hao hawana njia nyingine ya kuufikia utamu wa maisha. Yeye na wenzake wana Beethoven. Kwa hivyo tumesamehewa. Tunaruhusiwa kupamba kwa sababu hatujafika. Sijui kama kuna tusi lililoshonwa kwa adabu kuliko hilo. Na linaeleza kwa nini sitaki kukimbilia usafi wa rangi ya uji kila ninapochoshwa na majani ya namba 47. Nikifanya hivyo nimekubali hesabu yake: kwamba mwenye ua yuko nyuma na mwenye saruji yuko mbele.

Loos pia hajui kitu kuhusu Gikomba. Hoja yake ni kwamba pambo linamwibia fundi: anafanya kazi saa nyingi zaidi kwa malipo yaleyale. Huenda Vienna ilikuwa hivyo. Nairobi, nguo laini isiyo na pambo ipo tayari, imekuja kwa bunda, imevaliwa na mtu wa ng'ambo, na inauzwa bei ambayo fundi hawezi kununua hata kitambaa. Fundi wa mtaani hawezi kushindana na mtumba kwa ulaini. Anachoweza kukupa ambacho bunda haliwezi ni nguo iliyokatwa kwa mwili wako na kutiwa kitu ambacho hakipo kwa mtu mwingine. Nakshi ndiyo inayomlipia kodi.

Nilikaa alasiri kadhaa karibu na mama mmoja anayetarizi shingo za kitenge katika soko la Uhuru, huko Eastlands. Mashine yake haina kioo wala mishono mia mbili. Ina zigizaga, na chini ya meza ina chuma kinachosukumwa kwa goti. Goti likisukuma, zigizaga inapanuka. Likilegea, inafinyana hadi kuwa mstari. Nguo imebanwa kwenye ringi, na mikono yake ndiyo inayoisogeza chini ya sindano, mbele, nyuma, mviringo. Jani linaanza na ncha, linanenepa katikati, linaisha na ncha, na yote hayo ni goti. Nilimuuliza kama angependa ile mashine nyeupe ya kubonyeza.

"Ningependa, kwani iko na makosa gani?" akasema bila kuinua kichwa. "Lakini hiyo ikishona majani kumi, yote kumi ni moja. Hapa hili ni la asubuhi, hili nimelishona nikiwa na njaa."

Nikamuuliza kwa nini anaweka majani mengi hivyo shingoni.

"Kijana, hapo shingoni kitenge ndio hupasuka. Mtu akivaa kwa haraka, anavuta. Hii nakshi ndiyo imeshika."

Hiyo ndiyo nadharia ya urembo niliyokuwa naitafuta, na imetoka kwa mtu aliyekuwa anaendelea na kazi yake. Nimeitengeneza kuwa swali: ukiufumua mshono huu, nini kinaanguka?

Jaribu kwenye kofia ya Lamu. Fumua vitobo, na tabaka mbili za nguo zinaachana, kofia inalala kama leso. Vilevile hewa haipiti, na Lamu si mahali pa kufungia kichwa. Pambo na kazi haviwezi kutenganishwa hata kwa wembe. Jaribu kwenye kanzu: ile kazi ya uzi pale kwenye mpasuko wa kifua, ambayo Waganda huitia uzi wa rangi ya damu ya mzee, imekaa hasa mahali nguo inapotaka kuchanika. Jaribu kwenye kiraka kilichowekwa juu ya nguo na kuzungushiwa zigizaga iliyobanana: fumua, kiraka kinadondoka. Sasa jaribu kwenye gauni la namba 47, mstari wa majani uliopitishwa sentimita mbili juu ya upindo. Fumua. Upindo uko palepale. Hakuna kilichoanguka isipokuwa uzi.

Nilifurahia kipimo hiki kwa muda wa wiki moja hivi. Kisha nikapanda nganya.

Unajua zile. Viti vimevishwa ngozi ya bandia iliyoshonwa almasi almasi kwa uzi wa rangi inayopiga kelele. Ule mshono wa almasi unapita mtihani bila shida: unashika sponji isihame upande mmoja baada ya miezi miwili ya makalio ya mjini. Lakini pale juu, kwenye kiegemeo cha kichwa, limetariziwa jina la gari, herufi nene zenye kivuli. Fumua jina. Sponji haitikisiki. Abiria hata hataumia shingo. Kwa kipimo changu lile ni namba 47 tu.

Ila si kweli, na kila mtu aliyewahi kuacha matatu tatu zipite ili asubiri moja anajua si kweli. Ukifumua lile jina, kinachoanguka ni gari lenyewe. Linabaki basi la viti thelathini na kitu. Shada la uzi linaloning'inia shingoni kwa kanzu ya Omani ni hivyohivyo. Halifungi wala halishiki chochote, lakini ndilo linalotiwa manukato, na mtu anakusalimia kabla hujafika. Kwa hivyo nakipanua kipimo changu bila kukitupa. Lazima kitu kianguke. Kinaweza kuwa kitambaa, kinaweza kuwa jina, kinaweza kuwa harufu ya mtu. Ambalo halikubaliki ni pambo ambalo likitoka, dunia haijui limetoka.

Basi turudi kwa insha, maana huko ndiko ninakoumia.

Kila aliyesoma Kenya chini ya ule mtihani wa darasa la nane, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, anajua mishono mia mbili ya insha. Ziko kwenye vitabu vya marudio, zimepangwa kwa mada: za kuelezea asubuhi, za kuelezea hofu, za kuelezea msichana mrembo, za kuelezea ajali. Mtoto wa Kayole ambaye asubuhi yake ni honi na moshi wa jiko la jirani anaandika kuhusu ndege na umande na miale. Anabonyeza namba. Fumua ile aya yote ya asubuhi, na hadithi yake ya ajali inaanza vilevile, pengine vizuri zaidi.

Lakini kuwa mkweli: kuna kitu kinaanguka. Alama zinaanguka. Insha ilikuwa na alama arubaini, na mtoto hakuwa mjinga. Alipamba kwa sababu aliyekuwa akilipa alilipia pambo. Kumcheka ni kama kumcheka mama wa soko la Uhuru kwa kuweka majani anayoagizwa na mteja. Ukitaka kumlaumu mtu, mlaumu aliyetoa oda.

Watu huniambia Kiswahili chenyewe ndicho kilicho hivyo, lugha ya madoido, huwezi kuiandika ikiwa tupu. Wanatolea mfano *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ambayo wanafunzi wa zamani waliichota misemo kama watu wanaochota maji kwenye bomba la mtaa. Mimi naona mfano huo unawageukia. Msimulizi wa riwaya ile anaitwa Kongowea Mswahili, kijana anayemtafuta baba yake kutoka Tanga hadi Kenya, na lugha ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Mapambo ya sentensi zake ndiyo yeye. Yafumue, na Kongowea anaanguka. Anabaki jina lisilo na mwili. Yakichomolewa pale na kubandikwa kwenye insha ya picha ya shule, yanakuwa majani ya namba 47: yaleyale, sawa kabisa, na hayashiki kitu. Kosa si la riwaya, na si la lugha. Ni la mtu aliyegeuza mshono wa mtu kuwa namba.

Kwa hivyo sitaki mwandishi wa Kiswahili avae rangi ya uji. Sitaki sentensi za saruji zinazotuletea sifa kwamba sasa tumefika. Ninachoomba ni goti. Tashbihi inayoanza na ncha, inanenepa mahali kisa kinapovutwa zaidi, na kuisha kabla haijachosha. Methali ipigwe pale ambapo maneno ya kawaida yangepasuka, kama shingo ya kitenge. Na mtu akikuuliza kwa nini umepamba hapo na si pale, uwe na jibu fupi kama la yule mama, ulitoe huku unaendelea kushona.

Na nyinyi mnaohariri, na nyinyi mnaosahihisha insha za watoto: mkikuta pambo, msilihesabu. Lifumueni kwanza.